Ile 50 ohm iliyoandikwa kwenye kebo iko wapi? Twende hatua kwa hatua

Siku ya kwanza kushika kebo ya koaksi iliyoandikwa 50 ohm nilifanya kile ambacho nadhani kila mtu mwenye mita mkononi angefanya, nikaweka multimita kwenye ohm, ncha moja kwenye waya wa kati, nyingine kwenye wavu wa nje. Mita ikaniambia hakuna njia kabisa. Nikapima waya wa kati wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, ikasoma karibu sifuri. Nikaitafuta hiyo 50 kila pembe, sikuiona, nikajua hapa tayari nimepigwa, nimeuziwa feki. Kumbe kebo ilikuwa nzima kabisa, shida ilikuwa kichwani kwangu.

Hiyo namba inaitwa impidansi bainifu, yaani impidansi inayoitambulisha kebo yenyewe, na wengi tunaitumia miaka na miaka bila kujua ni nini hasa. Tunajua tu ya antena ya tivii ni 75, ya redio ni 50, ya mtandao ni 100, basi. Sasa mimi nitaieleza jinsi ilivyoniingia mwenyewe, kwa mahesabu madogo ambayo kalkuleta ya simu inatosha, halafu mwishoni utaipima kwa mikono yako.

Hatua ya 1: Weka multimita pembeni

Multimita inapima mambo yakishatulia. Inasukuma mkondo kidogo, inasubiri, inasoma. Kwa kebo yenye urefu wa mita kumi, kila kitu cha maana kinachohusu hiyo 50 ohm kimeshatokea na kuisha ndani ya sehemu ndogo sana ya milioni moja ya sekunde, mita yako bado hata haijaamka. Kwa hiyo usitegemee jibu huko.

Kingine cha kufuta kichwani ni urefu. Rezista ya kawaida ukiunganisha mbili mfululizo ohm zinajumlishwa, waya ukiwa mrefu zaidi ukinzani unaongezeka. Hii 50 haiko hivyo, mita moja ni 50 ohm, kilomita moja ni 50 ohm, ukikata katikati kila kipande ni 50 ohm. Mtu akikuambia "kebo yangu ni ndefu kwa hiyo impidansi imeongezeka" anachanganya vitu viwili, kilichoongezeka ni hasara njiani, sio hii.

Hatua ya 2: Fuata umeme mita kwa mita

Hapa ndo penye utamu wenyewe, usipite haraka.

Ichukulie kebo kama foleni ndefu ya vikapasita vidogo vidogo. Waya wa kati na wavu wa nje ni vyuma viwili vilivyotenganishwa na plastiki, hicho ni kapasita tayari. Na kati ya kapasita moja na nyingine kuna kijikoili kidogo, kwa sababu waya wowote unaopitisha mkondo una usumaku wake na unapinga mkondo kubadilika ghafla. Kebo ya kawaida ya 50 ohm yenye plastiki ngumu ya kati, kila mita moja ina kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya kama pikofaradi 100 na indaktansi (ule upinzani wa kikoili kwa mkondo kubadilika) ya kama nanohenri 250. Shika hizo namba mbili tu.

Sasa chukua betri ya volti 10 uiunganishe ghafla kwenye mwanzo wa kebo. Umeme haufiki mwisho hapohapo. Kapasita ya kwanza inajaa, kikoili kinachofuata kinachelewesha kidogo, kapasita ya pili inajaa, hivyo hivyo inaendelea, kama mtu anayepita kwenye korido ndefu akiwasha taa moja baada ya nyingine. Kasi ya huo msafara inatokana na hizo namba mbili, unazidisha indaktansi kwa kapasitansi, unatafuta kipeuo cha pili, halafu 1 unaigawa kwa hilo jibu. Ukipiga hesabu unapata mita milioni 200 kwa sekunde, ambayo ni kama theluthi mbili ya kasi ya mwanga. Kwa lugha ya karakana, kila mita moja inakula nanosekunde 5.

Kila mita ikijazwa hadi volti 10 inameza chaji ya pikofaradi 100 mara volti 10, yaani nanokulombu 1. Sasa jiulize, kwa sekunde moja wimbi linajaza mita ngapi? Milioni 200. Basi betri inatakiwa itoe nanokulombu milioni 200 kila sekunde, ambayo ni kulombu 0.2, na kulombu kwa sekunde ndo ampea yenyewe. Ampea 0.2.

Volti 10 gawa kwa ampea 0.2.

Hamsini!

Mimi nilipofika hapa mara ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Hakuna rezista popote ndani ya kebo, waya tumeuchukulia hauna ukinzani hata chembe, lakini betri inatoa mkondo uleule ambao ingeutoa kama ungeifungia rezista ya 50 ohm. Hiyo ndo impidansi bainifu, ni volti ngapi kwa kila ampea pale wimbi likiwa safarini, na safari ikiisha ndo biashara nyingine inaanza ambayo tutaiona mbele.

Utauliza, kama hakuna rezista, ile nguvu inayotoka kwenye betri inaenda wapi? Volti 10 mara ampea 0.2 ni wati 2, sio kidogo. Rezista ingezigeuza joto. Kebo inaziweka akiba. Kila mita iliyojaa inashikilia nanojuli 5 kwenye kapasitansi yake na nanojuli 5 nyingine kwenye indaktansi, nusu kwa nusu kamili, jumla 10, zidisha kwa mita milioni 200 unapata juli 2 kwa sekunde, ndo wati 2 zako hizo hazijapotea hata moja. Huo usawa wa nusu kwa nusu sio bahati, wimbi linalosafiri upande mmoja lazima liwe hivyo, na ukitaka kujua 50 ilitokea wapi ni hapo, ndo uwiano pekee wa volti na ampea unaofanya pande mbili zilingane.

Na kitu cha kuchekesha, ungekuwa na kebo isiyo na mwisho na isiyo na hasara, hata multimita ya kawaida ingesoma 50 ohm. Tatizo ni kwamba ili mita ipate hata sekunde moja ya kusoma kabla wimbi halijaenda mwisho na kurudi unahitaji kebo ya kilomita 100,000, mara mbili na nusu ya mzunguko wa dunia.

Hatua ya 3: Jua kinachoipanga hiyo namba

Ukifupisha hesabu ya juu inabaki hivi: gawa indaktansi ya mita moja kwa kapasitansi ya mita moja, tafuta kipeuo cha pili. Nanohenri 250 kwa pikofaradi 100 ni 2500, kipeuo chake 50. Urefu umejifuta wenyewe kwa sababu ukiongeza urefu vyote viwili vinaongezeka sawasawa.

Fomula kamili ina vitu viwili zaidi, ukinzani wa waya na uvujaji wa plastiki, ila kwenye frikwensi za juu vinamezwa na hivyo vingine unaviacha. Kwenye frikwensi za chini kama za sauti haviachiki, huko kebo yako ya "50 ohm" haina tena hiyo 50, kwa hiyo ukikuta mtu analinganisha waya wa spika kwa impidansi bainifu kama vile ni antena mwache tu.

Sasa indaktansi na kapasitansi zinatokana na umbo. Kwenye koaksi kuna mambo matatu tu, unene wa waya wa kati, kipenyo cha ndani cha wavu wa nje, na aina ya plastiki iliyo katikati. Waya wa kati ukiwa mwembamba ukilinganisha na wavu, impidansi inapanda. Ukiwa mnene inashuka. Plastiki ikiwa nzito kwa umeme, yaani inashika chaji nyingi, impidansi inashuka pia. Hesabu yake: 60 gawa kwa kipeuo cha namba ya plastiki, yaani inashika chaji mara ngapi ukilinganisha na hewa, zidisha kwa logi asilia (kitufe cha ln kwenye kalkuleta) ya uwiano wa vipenyo viwili.

Chukua kalipa, kile kipimo cha vipenyo, kama unayo. RG-58, aina ya koaksi ya 50 ohm, yenye waya mmoja wa kati usiosukwa ina kama milimita 0.81 kwa waya na 2.95 kwa plastiki. Uwiano 3.64, logi asilia yake 1.29, poliethilini ngumu ina namba 2.3 ambayo kipeuo chake ni 1.52, ukimaliza unapata 51. RG-6 ya dishi na tivii ina waya wa kati wa milimita 1.02 na plastiki ya 4.57, hiyo plastiki ni ya povu, ukiikata unaona vipovu, ina hewa nyingi ndani kwa hiyo kipeuo chake ni kama 1.2 tu. Inatoka 75. Yaani kalipa na kalkuleta vinakwambia kebo ni ya ngapi hata kama maandishi yamefutika, mimi nimeokoa vipande vingi vya sandukuni kwa njia hii.

Kwa nini 50 na 75? Koaksi ya hewa inapitisha nguvu nyingi zaidi kabla haijapasuka ikiwa karibu 30 ohm, na hasara yake ni ndogo kuliko zote ikiwa karibu 77 ohm. Watu wa tivii wanapokea signali dhaifu, shida yao ni hasara tu, wakachukua 75. Watu wa kurusha mawimbi wanataka vyote viwili, wakakaa katikati. Basi ni makubaliano, hakuna uchawi wa 50. Na neno lenyewe impidansi tumeachiwa na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kuwa opereta wa telegrafu, alilileta mwaka 1886, na kabla ya hapo mwaka 1880 alikuwa ameshachukua hataza ya kebo ya koaksi.

Hatua ya 4: Angalia kama kebo yako ni "ndefu"

Hii ni fupi lakini inaokoa muda mwingi. Impidansi bainifu ina maana pale tu kebo ni ndefu kwa signali yako. Ndefu sio kwa futi kamba, ni kwa wimbi. Gawa kasi ya kebo kwa frikwensi unapata urefu wa wimbi moja, kebo ikizidi sehemu moja ya kumi ya hapo anza kuwa makini.

Kwa 100 MHz kwenye kebo yetu wimbi ni mita 2, kwa hiyo sentimita 20 tu tayari ni ndefu. Kwa 50 Hz ya umeme wa nyumbani wimbi ni kilomita 4,000 kwenye kebo hiyohiyo, kwa hiyo waya wa pasi hauhusiki hata kidogo na habari hizi. Kwa signali za dijitali usiangalie frikwensi, angalia inavyopanda ghafla, signali ya polepole yenye kingo kali za nanosekunde 1 ni hatari kuliko ya haraka yenye kingo zilizolala. Wengi wanaangukia hapa, anasema "mbona data yangu ni kasi ndogo tu" wakati chipu yake inarusha kingo za kisu.

Hatua ya 5: Elewa mwangwi

Turudi kwa betri yetu, ila sasa tuipe rezista ya 50 ohm kwenye mlango wake na kebo iwe mita 10, mwisho uko wazi, hakuna kitu.

Mwanzoni betri haijui kilichoko mwisho, haiwezi kujua, habari haijarudi. Inaiona kebo kama 50 ohm, kwa hiyo volti 10 zinagawana, 5 zinabaki kwenye rezista na 5 zinaingia kwenye kebo, mkondo miliampea 100. Baada ya nanosekunde 50 wimbi linagonga mwisho. Mkondo wa miliampea 100 umefika hauna pa kwenda, hauwezi kusimama tu hewani, kinachotokea volti zinajilimbikiza zinakuwa mara mbili, 10, na hiyo 5 ya ziada inaanza kurudi nyuma ikizima mkondo njia nzima. Nanosekunde 100 tangu uwashe inafika mlangoni, pale sasa ni volti 10, mkondo sifuri. Sasa ndo multimita ingekuambia "wazi".

Mwisho ungekuwa na shoti mwangwi ungerudi kichwa chini, toa 5, volti zinakuwa sifuri na mkondo miliampea 200. Na mwisho ukiwa na rezista ya 50 ohm? Wimbi linafika linakuta volti 5 na miliampea 100 zinakubalika vilevile, linaingia linaisha. Hakuna kinachorudi. Kwa mtu aliyeko mwanzoni kebo ya mita 10 yenye rezista hiyo haina tofauti na kebo isiyo na mwisho.

Kwa thamani nyingine yoyote, kiasi kinachorudi ni ohm za mwisho toa ohm za kebo, gawa kwa jumla yao. Antena ya 75 kwenye kebo ya 50: 25 gawa kwa 125 ni 0.2, volti zinarudi asilimia 20. Inatisha ukiisikia lakini nguvu ni mraba wake, asilimia 4 tu, kwa kupokea matangazo hutaona tofauti yoyote. Kwa hiyo mtu asikutishe kwa 75 na 50 kwenye redio ya kusikiliza. Ila kuunganisha kebo mbili za tivii kwenye moja kwa kusokota waya, hapo ndo balaa, 75 mbili sambamba ni 37.5, theluthi moja ya volti inageuka inarudi, na kila kebo isiyo na kitu mwisho wake inaongeza mwangwi wake. Tumia kigawanyi chenyewe, kale kaboksi kadogo, kana rezista au transfoma ndani ya kuweka mambo sawa.

Hatua ya 6: Ipime mwenyewe

Unahitaji osiloskopu (kifaa kinachochora volti zinavyobadilika kwa muda), jenereta ya mawimbi ya mraba yenye mlango wa 50 ohm, konekta ya T, kebo isiyopungua mita 10, na potenshiomita, yaani rezista ya kuzungusha, ya kaboni ya ohm 200 hivi. Sisitiza kaboni, zile za waya uliozungushwa zenyewe ni koili zitakuharibia jibu.

T iweke kwenye osiloskopu, upande mmoja jenereta, upande mwingine kebo. Osiloskopu iache kwenye megaohm 1, ukiiweka 50 umeongeza mzigo mwingine bila kujua, na hili kosa nimelifanya sio mara moja, unakaa nusu saa unashangaa kwa nini hesabu haziendi. Jenereta weka 500 kHz, volti 5 bila mzigo, vuta picha mpaka uone ukingo mmoja wa kupanda, nanosekunde 50 kwa kila kiboksi.

Mwisho ukiwa wazi utaona ngazi. Inapanda hadi 2.5, inatembea bapa, halafu baada ya nanosekunde 100 inapanda tena hadi 5. Ile sehemu bapa ndo muda wa wimbi kwenda na kurudi, unaiangalia hivihivi kwa macho. Gusanisha waya mbili za mwisho, ngazi inageuka kisiki, inapanda 2.5 halafu inaanguka sifuri.

Sasa unganisha potenshiomita mwishoni, nyaya zake ziwe fupi kabisa. Izungushe taratibu. Ikiwa juu sana daraja la pili linapanda, ikiwa chini linashuka, kuna mahali panakuwa bapa moja kwa moja kama vile hakuna kitu kilichotokea. Acha hapo. Usiiguse tena, ichomoe, ipime kwa multimita yetu ileile tuliyoiweka pembeni. Itasoma karibu na 50, au 75, au yoyote ya kebo yako. Mara yangu ya kwanza ilisoma 51 na pointi kidogo, nikakumbuka ile siku niliyotaka kuirudisha kebo kwa aliyeniuzia.

Kwa njia hiyohiyo unapata na mahali kebo ilipokatika ukutani. Muda wa bapa gawa kwa mbili, zidisha kwa kasi. Daraja likipanda baada ya nanosekunde 30 kwenye kebo ya plastiki ngumu, imekatika mita 3 kutoka ulipo. Likishuka kuna shoti mita 3. Kwa ya povu kasi ni kubwa zaidi, kama asilimia 83 ya mwanga, rekebisha usije ukabomoa ukuta sehemu siyo.

Kama huna osiloskopu ila una mita ya LCR, ile inayopima indaktansi na kapasitansi, chukua kipande cha mita moja au mbili, pima kapasitansi mwisho ukiwa wazi, pima indaktansi mwisho ukiwa na shoti, gawa, kipeuo, umemaliza. Tumia frikwensi ya juu kabisa ambayo mita yako inayo.

Hatua ya 7: Funga mwisho vizuri

Kanuni ni moja, wimbi likifika mwisho likute kitu chenye ohm zilezile. Kwa antena, antena yenyewe ndo rezista. Kwa basi ya data yenye vifaa vingi vimejipanga kwenye waya mmoja, kama CAN ya kwenye magari, waya wake uliosokotwa ni 120 ohm na unaweka rezista ya 120 kila ncha, ncha mbili tu, sio kila kifaa. Hapa multimita inarudi kazini: zima umeme, pima kati ya waya mbili, ukisoma 60 rezista zote mbili zipo. 120, moja imepotea. 40, kuna mjuaji ameongeza ya tatu. Na matawi ya kwenda kwenye vifaa yawe mafupi, tawi refu lililo wazi mwisho wake ni mwangwi mwingine.

Kebo za mtandao za jozi zilizosokotwa ni 100 ohm na rezista ziko ndani ya kifaa, wewe kazi yako ni kutozifumua. Unapobana konekta usifumue zaidi ya milimita 13, na pini 3 na 6 lazima ziwe jozi moja. Mtu akizipanga 3 na 4 kwa sababu "rangi zinapendeza" kitesta cha taa kinawaka zote nane safi kabisa, maana kinapima kama multimita, lakini mtandao unasuasua.

Hatua ya 8: Chunguza sehemu zilizoumia

Ukishajua namba inatokana na umbo, utaijua na hii: kebo iliyokunjwa kwa nguvu, iliyogongewa msumari wa kushikilia ukabana, au iliyopitishwa chini ya mlango ikabonyea, pale wavu umekaribia waya wa kati, impidansi imeshuka kwa sentimita chache, kuna mwangwi mdogo hapo hata kama multimita inasema mzima. Maji ndo mabaya zaidi. Poliethilini ina namba 2.3, maji yana kama 80, matone kidogo ndani ya povu yanashusha impidansi na kula signali kwa pamoja, na maji yakishaingia kwenye wavu yanapanda ndani kama mafuta kwenye utambi. Usikaushe. Kata mpaka uone wavu unang'aa, funga konekta mpya, ziba kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kabla kebo haijaingia kwenye konekta iachie kitanzi kinachoning'inia chini ili maji yadondokee hapo.

Hatua ya 9: Laini za umeme mkubwa nazo zinayo

Nyaya za juu ya nguzo ziko mbali mbali, kapasitansi ndogo, indaktansi kubwa, kwa hiyo impidansi yake iko kama 250 hadi 400 ohm. Kebo za ardhini waya na ngao viko karibu, kapasitansi kubwa, unapata makumi tu ya ohm. Laini ya kilovolti 400 yenye 300 ohm, ukichukua volti zake mraba ukagawa kwa 300, ni megawati 533 hivi, huo ndo mzigo ambao laini inajitosheleza, usumaku wake unakula kile kapasitansi yake inachotoa. Usiku mzigo ukiwa mdogo kapasitansi inashinda, volti za mwisho wa laini ndefu zinapanda kuliko za mwanzo, ndo maana unakuta wameweka mareakta, zile koili kubwa za kunyonya ziada.

Ila radi ndo inaionesha vizuri zaidi. Radi ya ampea 20,000 ikipiga waya wenye 400 ohm, mkondo unagawanyika, 10,000 kila upande, mara 400, volti milioni 4 zinaondoka kila upande kwa karibu kasi ya mwanga. Zikifika kwenye transfoma, kwa wimbi la ghafla namna hiyo transfoma ni kama ncha iliyo wazi, volti zinataka kuwa mara mbili kama kwenye hatua ya 5. Ndo sababu kikinga radi kinawekwa karibu kabisa na transfoma, sio nguzo tatu nyuma, maana kikiwa nyuma mwangwi unapata nafasi ya kupanda kabla habari ya kikinga haijafika.

Na laini ya juu ikiingia kwenye kebo ya ardhini ya 40 ohm, kinachopenya ni mara mbili ya 40 gawa kwa 440, kama asilimia 18 tu ya volti. Unaweza kudhani kebo imeokoka. Lakini lile wimbi dogo linaenda hadi ncha ya pili, likikuta transfoma volti zinajirudufu pale, mwangwi unarudi, unagonga mlango wa kuingilia, kule kuna 400 ohm kwa hiyo sehemu kubwa inageuzwa tena ndani, na kila mzunguko volti zinaongezeka ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo kebo hizo zinawekewa kikinga ncha zote mbili.